MARIJANI ZINAKUFA: JE, YATUHUSU SISI WATU WA BARA?

  

Miezi michache iliyopita tulikuwa tukiwasomesha vijana wa madrasa tafsiri ya Suratur-Rahman. Tulipofika aya ya 22, mahali zinapotajwa lulu na marijani miongoni mwa neema zitokazo baharini, kijana mmoja akainua mkono: "Ustadhi, lulu tumeisikia. Marijani ni kitu gani?" Tukamjibu kama tulivyojibiwa na mashekhe wetu tulipokuwa tukisoma kwa Kiarabu, ya kwamba wafasiri wamekhitilafiana, wako waliosema ni lulu ndogo, na imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba ni ushanga mwekundu. Kijana akaandika jawabu hilo katika daftari lake, kisha akauliza tena: "Huo ushanga mwekundu unaota au unachimbwa?" Hapo tukanyamaza.

Hatuoni haya kulikiri jambo hilo mbele ya wasomaji. Tumekaa miaka katika vyuo, tumehifadhi kauli za wafasiri na majina ya wapokezi wake, lakini haikutokea siku hata moja tukajiuliza kitu chenyewe kilichotajwa na Mola wetu kina hali gani. Huku kwetu Ngara na Biharamulo wengi hatujaiona bahari, na habari zake zikitajwa msikitini huwa kama habari za nchi ya mbali. Basi tukaanza kusoma na kuuliza, na tuliyoyakuta ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Marijani zinakufa, pamoja na jamaa zake wa pwani yetu tunaowaita matumbawe. Wanaoziua ni binadamu, na miongoni mwa binadamu hao wamo ndugu zetu katika dini.

Kwanza jawabu la kijana: inaota. Marijani si jiwe, bali ni nyumba ya mnyama. Vinyama vyenyewe ni vidogo na laini, kila kimoja kina mdomo uliozungukwa na vikono vyembamba, na huishi kwa maelfu wakiwa wameshikamana. Huchukua madini ya chokaa yaliyoyeyuka katika maji ya bahari, wakajijengea vikombe vigumu vya kukalia. Wakifa hao, wengine hujenga juu ya magofu yao, na wengine juu ya hao, mpaka unapatikana mwamba mzima ndani ya bahari. Aina zenye matawi hurefuka kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka; zile za mviringo, zenye umbo la vichwa vikubwa, huongeza kiasi cha sentimita moja tu. Kwa hiyo tumbawe la aina hiyo lenye kimo cha mtu mzima huenda lilianza kujengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Miamba hiyo haifikii hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari za dunia, lakini kiasi cha robo ya aina zote za viumbe vya baharini huishi au hutegemea humo. Subhanallah.

Ama ile nyekundu ifanywayo shanga, makazi yake mashuhuri ni Bahari ya Mediterania. Hapa msomaji wa Ngara na asimame kidogo. Maji ya mto Ruvubu, yapitayo chini ya vilima vyetu, huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, huingia Ziwa Viktoria, hutoka kwa mto Nile, na yale yasiyokauka njiani humiminikia katika bahari hiyo hiyo. Tuliona aibu tulipoitazama ramani: tulikuwa tumelisoma neno hilo miaka mingi tukidhani halina njia ya kufika kwetu, ilhali mto wetu wenyewe unaelekea huko. Katika majira ya joto ya mwaka 1999, na tena mwaka 2003, maji ya pwani za Ufaransa na Italia yalipata joto lisilo la kawaida, na marijani nyekundu ilikuwa miongoni mwa viumbe vilivyokufa kwa wingi.

Joto huyaua vipi matumbawe? Allah (S.W.) amejaalia ndani ya mwili wa kinyama cha tumbawe wakae vimwani vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Vimwani hivyo hupokea mwanga wa jua na kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wao. Naye huwapa mahali pa kukaa na hewa wanayoihitaji. Rangi nzuri za matumbawe kwa sehemu kubwa ni rangi za wageni hao. Sasa, maji yakizidi joto la mwezi ulio na joto kali kuliko yote ya mwaka, kwa kiasi cha nyuzi moja tu, na hali hiyo ikidumu majuma kadhaa, ujirani huo huvunjika. Vimwani hutolewa nje, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Wataalamu huita hali hiyo kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado; lina njaa. Bahari ikipoa mapema hupona. Joto likiendelea, hufa, na majani ya bahari huota juu yake kama yanavyoota juu ya kaburi lililosahauliwa.

Jambo hili lilitokea katika pwani yetu mwaka 1998. Kuanzia Kenya hadi Mafia, Unguja na Pemba, na mpaka Maldives na Shelisheli, miamba ilipauka, na katika sehemu nyingi matumbawe mengi yalikufa. Imekadiriwa kwamba dunia nzima ilipoteza au iliharibikiwa kiasi cha asilimia 16 ya miamba yake katika tukio lile moja. Likatokea tena mwaka 2016. Likatokea tena mwaka 2024, na safari hii wanasayansi wa Marekani wanaofuatilia joto la bahari wamesema kwamba tangu Januari 2023 hadi mwaka 2025 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la miamba ya dunia ilifikiwa na joto la kuipausha. Lililo zito ni kukaribiana kwa matukio hayo. Mwamba uliopata maafa makubwa huhitaji miaka kumi na zaidi kujijenga upya. Akipigwa mtu anayenyanyuka, kisha akapigwa tena kabla hajasimama, itafika siku hatanyanyuka.

Mwaka 2021 wataalamu wakiongozwa na Dakta David Obura wa Mombasa walitangaza kwamba miamba yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi, na ya kwetu imo, iko katika hatari kubwa ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Nalo jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2018 kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 mpaka 90, na likifika nyuzi 2 yatakaribia kumalizika. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza kuvuka kipimo hicho cha 1.5. Mwaka mmoja si wastani wa miaka mingi, lakini ni onyo lililo wazi.

Liko na dhara la pili, nalo ni la kimya zaidi. Moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa hewa ya ukaa. Kiasi cha robo ya hewa hiyo humezwa na bahari, na ndani ya maji hugeuka kuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo huyapunguza yale madini ambayo kinyama cha tumbawe huyachanganya na chokaa ili ajenge nyumba yake. Tangu zama za viwanda zianze, tindikali katika maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa kiasi kinachokaribia asilimia 30. Vijana wa madrasa hawakuelewa tulipowaeleza, basi tukachukua ganda la yai tukalitumbukiza katika gilasi ya siki. Likatoa povu. Kesho yake walipolishika lilikuwa laini kama ngozi. Tukawatahadharisha kwamba bahari haijawa siki, wala haitakuwa. Bado iko mbali na uchachu wa namna hiyo. Ila mjenzi anayepunguziwa saruji kidogo kidogo kila mwaka hujenga ukuta mwembamba kila mwaka, na mawimbi hayampunguzii nguvu zake. Joto huua mara moja. Tindikali humdhoofisha yule aliyenusurika asiweze kujenga tena.

Pengine atasema msomaji: hayo ni ya watu wa pwani. Na tukumbuke kwanza kwamba Uislamu uliotufikia huku Kagera, kwa sehemu yake kubwa, ulikuja na watu waliotoka au waliopitia pwani ile, na misikiti yao ya kale ilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia, yaliyochongwa juu ya tumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nao ni wa tumbawe na chokaa. Waja wa Allah walisujudu miaka mia tisa ndani ya nyumba zilizojengwa na vinyama ambavyo sisi hatukuvijua hata majina.

Lakini kisa kinachotushughulisha zaidi ni cha Misali. Hiki ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kisicho na maji ya kunywa, chenye miamba mizuri ya matumbawe, na wavuvi wa vijiji vingi hukitegemea. Watu wa huko husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, akaambiwa hakuna, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake kwa kuwa kimeelekea Kibla. Kisa hicho hakina sanadi, na hatuoni ruhusa ya kujenga jambo la dini juu yake. Jambo lililofanywa baadaye ndilo lenye msingi. Mwaka 1998 Misali ikawekwa kuwa eneo la hifadhi, na katika miaka ile ya mwisho wa karne taasisi ya Kiislamu ya elimu ya mazingira iliyoko Birmingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ikashirikiana na watu wa hifadhi na viongozi wa dini wa Pemba kuwafundisha wavuvi kwa Qur'ani na Sunna: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi si mmiliki wake, kwamba isirafu ni haramu, kwamba kuvua kwa baruti na kwa nyavu zinazovunja matumbawe ni ufisadi. Makatazo ya serikali yalikuwapo kabla ya hapo na wengi hawakuyajali. Neno la dini lilisikilizwa, na waliofika Misali wakasimulia kwamba wako wavuvi walioacha uvuvi wa uharibifu kwa sababu hiyo.

Hii ni habari njema, na khatibu yeyote angependa kuishia hapo. Lakini tazama tarehe. Mwaka ule ule wa 1998, Misali ilipowekwa chini ya hifadhi, joto likaja, na matumbawe yake yakapauka na kufa kwa wingi. Mvuvi aliyeacha baruti kwa kumcha Mola wake aliukuta mwamba umekuwa mweupe naye hakuutupia hata jiwe. Hakuwasha kiwanda chochote. Huenda hata taa yake ilikuwa ya mafuta ya taa. Joto lile lilizidishwa na moshi wa watu asiowajua, katika nchi ambazo hatazifika. Bara zima la Afrika halifikii sehemu tano katika mia ya moshi unaotolewa na dunia kila mwaka.

Basi jambo hili, kwa mtazamo wetu, lina jina lake katika sheria yetu, nalo ni dhuluma. Wengi wa wanaozungumza habari za mazingira misikitini, ambao ni wachache, hulifanya kuwa jambo la usafi na kupanda miti. Huo ni wema. Lakini mvuvi wa Misali hakudhulumiwa kwa kukosa miti. Amedhulumiwa na jirani mwenye nguvu aliyetia moto kwake na moshi ukaingia kwa mwenziwe. Kila aliyesoma fiqhi, hata vitabu vidogo, anajua kanuni ya kuzuia madhara, na anajua kwamba maulamaa walijadili moshi wa tanuri la jirani na maji machafu ya jirani. Kinachotofautiana leo ni umbali wa jirani tu.

Tunaikumbuka hapa hadithi ya jahazi aliyoipokea Nu'man bin Bashir (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Watu walipiga kura, wengine wakapata ghorofa ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuchota maji, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Tumeisikia hadithi hii mara nyingi katika mawaidha, na kila mara tulimwona mkosaji ni wa chini. Leo hali imegeuka. Wanaotoboa ni wa juu, wenye nafasi nzuri katika jahazi, na maji yanaanza kuingia kwa wa chini. Hukumu ya hadithi haikubadilika kwa sababu ya ghorofa: anayetoboa azuiwe mkono wake, awe juu au chini.

Tulipolizungumza jambo hili baada ya sala, ndugu mmoja mwenye umri alituambia kwamba joto na baridi ni kadari ya Allah, na kuogopa joto la bahari ni udhaifu wa imani. Tunamheshimu, na tulimjibu kwa adabu kwa kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Shamu na akapewa habari ya tauni. Aliporejea na watu, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah; akajibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Allah ndiye aliyekadiria kuwa moto unaunguza, na anayetia moto nyumba ya mtu hasamehewi kwa hoja hiyo. Ndugu mwingine akasema hizi ni habari za makafiri. Kipimajoto hakina dini, akhi. Wavuvi Waislamu wa Pemba na Mafia waliuona weupe ule kwa macho yao. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratur-Rum aya ya 41, inaufungamanisha uharibifu wa bara na wa bahari na yale ambayo mikono ya watu imeyachuma. Kama kuna watu waliopaswa kuzitangulia habari hizi, ni sisi.

Tena si kweli kwamba bara imesalimika. Dagaa wa Kigoma wauzwao mpaka masoko yetu hutoka Ziwa Tanganyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa hilo limepata joto, na maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Kwa sababu hiyo chakula cha samaki kilikadiriwa kupungua kwa kiasi cha asilimia 20. Aliyezoea kununua dagaa kwa kipimo cha kikombe na aulize bei.

Wala hatutaki kuwaambia wasomaji kwamba sisi hatuna dhambi. Wazee wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Benaco ikawa mji wa mahema kwa usiku mmoja. Watu wale walikuwa na haki ya kukimbia na kupokewa, na watu wa Ngara waliwapokea. Walihitaji kupika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na chuki na mti. Kila mmoja alitaka moto wa mafiga matatu. Lakini mafiga laki moja hula misitu, na vilima vya pande zile vilibaki uchi. Ndiyo maana mtu wa Ngara akielezwa kwamba moshi wa magari na mitambo mingi, kila mmoja ukiwa mdogo, unaweza kuichemsha bahari, haifai awe wa mwisho kuelewa. Na leo hakuna wakimbizi wa kusingiziwa: magunia ya mkaa yanayosimama kando ya barabara ya Nyakanazi ni yetu, na madrasa yetu wenyewe inapikia kuni. Tumeanza kupanda miti katika kiwanja cha madrasa, na tunazihimiza kamati za misikiti ya Biharamulo na Ngara zifanye hivyo, kwa sababu chemchemi zetu zinaihitaji. Ila tusidanganyane: miti yetu hamsini haitaziokoa marijani. Anayetuambia kwamba itaziokoa anatutoa katika swali la nani ametoboa jahazi.

Na hapa tunafika mahali ambapo wengine wangependa tusifike. Miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta na gesi duniani zimo nchi za Kiislamu za Ghuba. Ndugu zetu wa huko wametufanyia hisani. Misikiti, visima na madrasa nyingi za mkoa wetu zimejengwa kwa sadaka zao, na sisi tunaoandika tulisoma kwa ufadhili wa aina hiyo. Allah awalipe. Lakini wao pia wamepoteza. Ghuba ile ilikuwa mashuhuri kwa lulu kabla ya mafuta, na mwaka 2017 joto liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika pwani ya Abu Dhabi. Lulu na marijani, vyote viwili vilivyotajwa katika aya moja, walikuwa navyo mlangoni mwao. Mwisho wa mwaka 2023 mkutano wa mataifa juu ya hali ya hewa ulifanyika Dubai, na kwa mara ya kwanza nchi zote zilikubaliana kwa maandishi kuelekea kuondoka katika nishati ya makaa ya mawe, mafuta na gesi. Neno limekwisha kuandikwa. Lililobaki ni kutekelezwa kwake, na hapo ndipo wanapohitaji kusikia sauti isiyotoka Ulaya, sauti ya Mwislamu mwenzao wa ghorofa ya chini, anayewapenda na asiyewachukia kwa utajiri wao. Wakubwa wa Magharibi na wa China wameharibu kama wao na zaidi. Lakini hao hawatusomi, wala hawaji kufungua misikiti yetu.

Baadhi ya wajumbe wa kamati yetu walipinga tulipopendekeza waandikiwe barua wafadhili wetu. Hoja yao ilikuwa kwamba sakafu ya madrasa haijakwisha, na mwenye kupewa hamkosoi mtoaji. Hofu hiyo tunaifahamu, kwani sisi ndio tunaokaa juu ya sakafu hiyo kila siku pamoja na watoto wa watu. Hata hivyo nasaha katika dini yetu haikuwekewa sharti la kuwa mtu asiwe amepokea sadaka, na tunadhani kwamba mtu aliyetoa mali yake kwa ajili ya Allah ana haki zaidi ya kuambiwa ukweli kuliko asiyetoa kitu. Baada ya vikao viwili imekubaliwa iandikwe, kwa lugha ya upole, na isitaje sakafu kabisa, ili isionekane kuwa tunaomba au tunatishia.

Rasimu yake ya Kiarabu, kurasa mbili, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, imo katika sanduku la katibu. Inaanza na aya ya 22 ya Suratur-Rahman na kisa cha mvuvi wa Misali. Atakayetaka kuisoma, kuisahihisha au kuipinga kabla haijatumwa, aje baada ya sala ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.